Steringi akifa: kwa nini mwisho mmoja wa huzuni hutuliza na mwingine hukera

Mwaka 1913 kampuni ya Nordisk ya Denmark ilitoa filamu bubu ndefu iliyoitwa Atlantis, ikiongozwa na August Blom. Filamu ilikuwa moja, miisho miwili. Nchi nyingi zilipelekewa mwisho ambao daktari, mhusika mkuu, anabaki hai. Urusi ikapelekewa mwisho ambao daktari anakufa. Wafanyabiashara wa filamu wa wakati huo waliamini kwamba Mrusi akilipa kiingilio anataka kutoka ukumbini macho mekundu, basi wakampigia picha kifo chake maalumu.

Kisa hicho kinaonyesha jambo tunalolisahau tukishaanza kubishana: mwisho wa hadithi haujitokei wenyewe, unaamuliwa. Mtu fulani ameketi, amepima, amechagua nani azikwe na nani abaki. Ndiyo maana lalamiko la "mbona wamemuua?" halina utoto wowote. Ni swali halali kwa mtu aliyefanya uamuzi. Shida ni kwamba ndani yake yamejificha maswali mawili, na wengi wetu hulijibu moja tukidhani tumeyamaliza yote. La kwanza: mwisho huu umenihuzunisha? La pili: mwisho huu umeiharibu hadithi?

Huzuni imesingiziwa mengi. Kuna miisho yenye makaburi tele ambayo watu huirudia miaka nenda miaka rudi, na kuna mwisho wenye kifo kimoja tu uliowafanya mashabiki wajutie muda waliotumia. Idadi ya maiti haisemi kitu. Cha kuangalia ni vile mwisho unavyoyageuza yaliyotangulia, kwa sababu mwisho hufanya kazi kwa kurudi nyuma. Ukishaujua, ukurasa wa kwanza nao hausomeki tena kama ulivyosomeka.

Kumbukumbu haijumlishi

Kwa nini dakika kumi za mwisho ziwe na nguvu ya kuhukumu saa sitini za tamthilia? Jibu moja zuri lilitoka kwenye maji baridi. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake watatu walichapisha jaribio ambalo watu waliingiza mkono kwenye maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, maji yanayouma kwelikweli. Zamu nyingine walivumilia sekunde 60 zilezile, kisha wakaendelea sekunde 30 zaidi huku maji yakipashwa pole pole hadi nyuzi 15, bado yakiuma ila kidogo. Walipoulizwa wangependelea kurudia zamu ipi, watu 22 kati ya 32 walichagua ile ndefu. Walichagua maumivu mengi zaidi, kwa sababu tu yaliishia pazuri kuliko yale mengine.

Kumbukumbu, kwa maana hiyo, haijumlishi. Inabeba kilele na mwisho, mengine inayaacha njiani. Mtazamaji aliyefurahia misimu saba na kuchukizwa na kipindi cha mwisho atakwambia tamthilia ilikuwa mbovu, na hatakuwa anadanganya. Ndivyo anavyoikumbuka.

Utafiti wa pili unakwenda mahali pasipotarajiwa. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Ed Diener na wenzake waliwapa watu wasifu wa mhusika wa kubuni aliyeishi maisha matamu sana, kisha akafa ghafla. Wengine wakapewa wasifu uleule, ila umeongezewa miaka ya kawaida kawaida, mizuri lakini si kama ya mwanzo. Waliosoma waliona maisha yaliyokatika ghafla ni bora kuliko yale yaliyoongezewa miaka. Yaani akili ya msomaji huvumilia kifo kuliko inavyovumilia kuzimuliwa. Watayarishaji wanaovuta tamthilia msimu baada ya msimu ili tu steringi asife wangelitafakari hilo kidogo.

Alichokisema Aristotle, na alichojipinga

Mjadala huu ni wa kale. Katika kitabu chake Poetiki, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anasema tanzia, yaani mchezo wa huzuni, huamsha huruma na hofu, na anaeleza masharti kwa ukali wa fundi. Mtu mwema kabisa akiporomoka bila sababu, anasema, hadhira haihurumii wala haiogopi, inachukizwa tu. Mwovu akiporomoka, hadhira inaridhika lakini hakuna anayemlilia. Anayetutoa machozi sawasawa ni mtu wa katikati, anayefanana na sisi, anayeanguka kwa kosa kubwa na si kwa uovu wa moyo. Huruma inakuja kwa sababu adhabu imezidi kosa, na hofu inakuja kwa sababu kosa lenyewe hata sisi tungeweza kulifanya.

Anaongeza tusi dogo kwa watazamaji. Hadithi ambazo wema hulipwa mema na wabaya mabaya, anasema, hupendwa kwa sababu ya udhaifu wa hadhira, na washairi huandika kufuata matakwa ya ukumbi. Watu hunukuu sehemu hiyo kuthibitisha kwamba wapenda huzuni ni werevu kuliko wengine. Wangesoma sura inayofuata. Humo Aristotle huyohuyo anasema kisa bora kuliko vyote ni kile ambacho mtu anakaribia kumuua ndugu yake bila kumjua, kisha anamtambua na kuzuia mkono. Yaani hafi mtu. Wasomi wameumiza vichwa kwa karne nyingi kupatanisha sura hizo mbili, nami sina haja ya kuwasaidia. Inatosha kuona kwamba hata mtu aliyeweka msingi wa nadharia ya tanzia hakuwa na hakika kama mwisho lazima uwe wa kifo. Alichokishikilia kila mara ni kwamba matukio yazaane, moja litoke ndani ya jingine.

Cordelia anapofufuliwa

Mfano mkubwa kuliko yote wa mwisho uliotibiwa ni wa mchezo wa Shakespeare, King Lear. Kwenye mchezo wenyewe, mfalme mzee aliyemfukuza binti yake wa pekee anayempenda kweli anapatana naye hatimaye. Tunapumua. Kisha binti, Cordelia, ananyongwa gerezani kwa amri iliyotolewa mapema, na mjumbe wa kuitangua anachelewa. Mfalme anaingia jukwaani amebeba maiti.

Mwaka 1681 mshairi Nahum Tate aliuandika upya. Katika mchezo wake Cordelia haguswi, anaolewa na Edgar, na mzee anarudishiwa ufalme. Toleo hilo lilitawala majukwaa ya Uingereza kwa takriban karne moja na nusu, hadi mwigizaji William Macready alipourudisha mchezo wa Shakespeare mwaka 1838. Samuel Johnson, mhakiki mkali ambaye hakuwa mtu wa kulialia, aliandika mwaka 1765 kwamba kifo cha Cordelia kilimshtua kiasi kwamba hajui kama aliwahi kustahimili kuzisoma tena kurasa zile za mwisho, mpaka alipolazimika kuzipitia kama mhariri.

Kabla hatujamcheka Tate, tukubali kwamba aliwapa watu walichokitaka, na watu hao hawakuwa wajinga. Lakini hebu tazama alichokifanya kwa kurudi nyuma. Ukishajua kwamba yote yatarudi mahali pake, mzee aliyefungiwa mlango usiku wa dhoruba na binti zake mwenyewe anakuwa mtu aliyepata usumbufu wa muda. Kosa lake la kwanza, la kugawa ufalme kwa kupima maneno matamu, linakuwa kosa linalosahihishika. Kwa Shakespeare halisahihishiki, na uzito wa tendo la kwanza unatoka hukohuko mwishoni.

Shujaa aliyepiga goti kisimani

Anayedhani hadithi za zamani zote ziliishia kwa watu kuishi raha mustarehe, amsome Fumo Liongo. Masimulizi yake ni ya kale na yana sura nyingi, na Muhammad Kijumwa aliyatungia utenzi mwaka 1913, mwaka uleule ambao Wadenmark walikuwa wakiwapakilia Warusi kifo chao.

Liongo hapenyezwi na silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mfalme anayemhofia anamrubuni mwana wa Liongo (wengine husimulia kuwa ni mpwa) kwa ahadi ya kumwoza binti. Kijana anakwenda kumuuliza mzee wake siri hiyo. Na hapa ndipo utamu na uchungu wa kisa ulipo: katika masimulizi mengi Liongo anashuku. Anatambua kwamba kijana ametumwa, kisha anamwambia. Usiku, mzee amelala, kijana anachoma na kukimbia. Liongo anaamka, anachukua upinde wake, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti, anaupachika mshale na kuvuta, na katika hali hiyo roho inamtoka.

Watu wa mji hawajui kwamba amekufa. Wanamwona amepiga goti, upinde umevutwa, na hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Mji unakaa na kiu. Mama yake anatumwa kumbembeleza kwa maneno ya upole, mwana hajibu. Mpaka mwili unapoanguka ndipo wanapoiona sindano. Kijana naye hakuvuna alichoahidiwa.

Hakuna faraja ya wazi humo, ila hakuna anayemaliza kisa hicho akisema amedhulumiwa muda wake. Kifo kimetoka palepale nguvu zilipotoka: mtu asiyeshindwa na maadui anashindwa na mtoto ambaye hawezi kumnyima neno. Na mwisho unatia nguvu sifa zote zilizoimbwa juu yake, maana hata akiwa maiti anaufungia mji maji. Jaribu kumfufua Liongo uone kitakachobaki.

Kujua kabla

Mwaka 1988 Japani ilitoa filamu ya katuni ya Isao Takahata, Grave of the Fireflies, kuhusu kaka na dada wadogo wanaobaki peke yao mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Iliingia majumba ya sinema siku moja na katuni nyingine ya studio ileile, yenye furaha tele, zikionyeshwa kwa pamoja. Nawahurumia wazazi waliopeleka watoto bila kuuliza.

Filamu inafunguka kwa sauti ya mvulana, Seita, akitaja usiku wa Septemba 1945 aliokufa. Tunamwona ameegemea nguzo kituoni, amekonda, wapita njia wanamkwepa. Mfagiaji anaupekua mwili, anakuta kopo la peremende, anaona halina maana na kulitupa gizani kwenye majani. Kifuniko kinafunguka, vinamwagika vipande vya mifupa. Ni mifupa ya dada yake, ingawa ni baadaye tu ndipo tunapoelewa kikamilifu. Zimepita dakika chache na tumeshaambiwa yote.

Kuanzia hapo kila furaha ya watoto hao inaonekana kwa macho mawili. Kopo likitikiswa kutafuta peremende ya mwisho, wewe unajua litakuja kubeba nini. Mwandishi wa hadithi iliyozaa filamu, Akiyuki Nosaka, aliiandika mwaka 1967, na dada yake mdogo alikufa kwa njaa mwaka 1945. Katika mpango huu mwisho hauwezi kumshtua mtu, na bado filamu inatajwa popote watu wanapoorodhesha zilizowaliza zaidi. Wanaodhani nguvu ya mwisho wa huzuni iko kwenye mshtuko wana kazi ya kulieleza hilo.

Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliripoti kwamba wasomaji waliofichuliwa mwisho wa hadithi fupi walizifurahia zaidi kuliko wasiofichuliwa. Tafiti za baadaye zimeleta majibu mchanganyiko, kwa hiyo nisingemfichulia mtu mwisho kwa kisingizio cha sayansi. Ila kwa hadithi za huzuni naona mantiki yake: ukishaacha kuomba mtu asife, unaanza kumtazama akiishi.

Mazishi mengi, kifo kimoja

Sasa tuweke pembeni kwa pembeni tamthilia mbili za Marekani.

Six Feet Under ilirushwa kuanzia 2001 hadi 2005, ikihusu familia yenye biashara ya kuzika watu. Takriban kila kipindi hufunguka kwa kifo cha mtu. Katika dakika za mwisho kabisa binti mdogo wa familia anaendesha gari akiondoka nyumbani, na huku nyuma tunaonyeshwa, mmoja baada ya mwingine, jinsi kila mhusika mkuu atakavyokufa miaka na miongo ijayo. Wote. Hakuna anayebaki. Na huo ni miongoni mwa miisho inayosifiwa zaidi katika historia ya televisheni.

How I Met Your Mother ilirushwa kuanzia 2005 hadi 2014, vichekesho, misimu tisa. Baba anawasimulia wanawe wawili jinsi alivyokutana na mama yao. Kipindi cha mwisho kinafichua kwamba mama huyo alifariki miaka sita kabla ya masimulizi, na watoto wanamhimiza baba arudi kwa mwanamke mwingine aliyempenda tangu msimu wa kwanza. Kifo kimoja tu, tena hakionyeshwi kwa undani. Mashabiki waliwaka. Baadaye ukatolewa kwenye DVD mwisho mbadala ambao mama hafi.

Kwa nini vifo vya familia nzima vilitua vizuri na kifo kimoja kikakataliwa? Watu husema ni kwa sababu ya pili ilikuwa vichekesho. Hapana, vichekesho vinaweza kubeba kifo. Blackadder Goes Forth ya Uingereza, mwaka 1989, iliwachekesha watu vipindi sita kisha ikawatoa karibu wahusika wake wote wakuu handakini kwenda kwenye risasi za Vita Kuu ya Kwanza, na bado Waingereza wanauheshimu mwisho huo. Upumbavu wa vita ndio uliokuwa ukichekwa tangu kipindi cha kwanza, kwa hiyo kifo kilikuwa kimekaa kwenye utani muda wote.

Tatizo la ile ya Marekani linajulikana, na ni la kiufundi. Maneno ya watoto katika mwisho huo yalipigwa picha misimu ya awali kabisa, kwa sababu watoto wangekua na sura zingebadilika. Waandishi wakafunga mlango mapema, kisha wakaendelea kuandika miaka mingine mingi. Katika miaka hiyo hadithi ilikwenda kwingine. Msimu mzima wa mwisho ulitumika kuandaa harusi ya yule mwanamke na rafiki wa baba, na mama alipotokea hatimaye alipendwa kupita matarajio. Ili mwisho wa zamani uingie, ndoa iliyoandaliwa msimu mzima ilivunjwa ndani ya dakika chache, na mama akaondolewa njiani. Mashabiki walilia, ndiyo, lakini waliyemlilia hasa si marehemu. Walililia misimu waliyoambiwa ina maana, kisha wakaambiwa ilikuwa kizuizi cha kusubirisha.

Hapo ndipo ninapouona mpaka. Mwisho wa familia ya wazikaji ulivipa vipindi vyote vilivyotangulia uzito zaidi, na ule mwingine ukavipokonya.

Kuna kundi la tatu, na hilo linanitatiza. The Mist, filamu ya Frank Darabont ya mwaka 2007, inatokana na hadithi ya Stephen King ambayo mwisho wake uliachwa wazi. Darabont hakuuacha wazi. Baba, mwanawe na watu wengine watatu wamekwama garini ndani ya ukungu wenye madubwana, mafuta yameisha, bastola ina risasi nne. Baba anawaua wote, mwanawe akiwemo, ili wasiraruliwe. Anatoka nje kusubiri kufa. Ukungu unapasuka, na yanatokea magari ya jeshi la uokoaji. Kwenye lori mojawapo amekaa mwanamke aliyetoka mwanzoni mwa filamu kwenye duka walimokuwa wamejificha wote kuwafuata watoto wake, akiomba mtu amsindikize na wote wakakataa. Yu hai, na watoto wake wako naye.

Kiufundi huwezi kuulaumu. Kila tendo la ujasiri la baba linageuka kosa kwa kurudi nyuma, na uso wa yule mama unalihukumu duka zima. King mwenyewe aliusifu. Mimi nauita mwisho uliojengwa vizuri kwa kazi ya kukatisha tamaa, na sina hamu ya kuurudia. Mtu anaweza kukiri kwamba kisu kina makali bila kutaka kukishika.

Mikono kutoka nje ya hadithi

Tusidhani kila mwisho wa huzuni ni ujasiri wa msanii na kila mwisho wa furaha ni woga wa mfanyabiashara. Hollywood ilikuwa na kanuni za maadili, zilizosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934 hadi zilipoachwa 1968, na mojawapo ilitaka mhalifu asionekane akifaidi. Filamu nyingi za majambazi za enzi hizo, ambazo leo tunasifu miisho yake ya giza, zilimuua steringi kwa sababu sheria ilitaka auawe au afungwe.

Hadhira nayo ina mkono wake. Fatal Attraction ya 1987 ilimalizika awali kwa Alex, mwanamke aliyeachwa na hawara yake, kujiua kwa namna ya kumbambikia hawara huyo kesi. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika, walitaka aadhibiwe, na mwisho ukapigwa picha upya ili mke wa bwana yule ampige risasi. Miisho yote miwili inamuua mtu yuleyule. Ila wa kwanza unauliza nani alimfikisha hapo, wa pili unampa mtazamaji ruhusa ya kushangilia.

Ninayempenda zaidi katika mambo haya ni F. W. Murnau wa Ujerumani. Mwaka 1924 alitengeneza filamu kuhusu bawabu mzee wa hoteli anayevuliwa sare yake ya kujivunia na kupelekwa kuhudumu chooni. Hadithi inafika mwisho wake wa asili, mzee ameketi chooni gizani. Kisha linatokea bango la maneno, pekee katika filamu nzima, likisema kwamba maisha halisi yangemwachia mzee huyu kifo tu, lakini mwandishi amemhurumia na kumpa mwisho usioaminika. Mara mzee amerithi mali na anakula hadi kuvimbiwa. Sijaona mtu aliyetii soko huku akilifinya kwa ustadi kama huo.

Na kuna miisho ya huzuni iliyokusudiwa kushitaki. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwaka 1971, inaishia kwa kifo cha Rosa mwenyewe. Msichana aliyechungwa kwa mkono wa chuma na baba, kisha akatupwa kwenye uhuru asioujua, kisha akahukumiwa na mwanamume kwa kigezo kilekile cha baba. Mpe Rosa ndoa njema kwenye kurasa za mwisho na mashtaka yanafutwa. Baba, walimu na mchumba wote wanaondoka mahakamani wakiwa safi.

Mwili unapata nini

Mwaka 1757 mwanafalsafa David Hume alistaajabu katika insha yake kwamba watazamaji wa tanzia hufurahi kadiri wanavyoumizwa. Wanasaikolojia wa leo wana vipande vya jibu. Mary Beth Oliver, mtafiti wa mawasiliano wa Marekani, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba watu hawatafuti raha peke yake wanapochagua filamu. Wanatafuta pia kitu cha maana, na hisia ya kuguswa huambatana na maana hiyo hata machozi yanapotoka.

Kipande kingine ni cha kimwili zaidi. Mwaka 2016 Robin Dunbar na wenzake wa Oxford waliwaonyesha watu kwa makundi tamthilia ya kweli na ya kuumiza kuhusu mtu asiye na makazi, na makundi mengine vipindi vya elimu visivyo na machozi. Kabla na baada waliwapima uvumilivu wa maumivu kwa kuwachutamisha migongo ikiwa ukutani, kana kwamba wameketi kwenye kiti kisichokuwepo. Kwa wastani, waliotazama tamthilia walivumilia muda mrefu zaidi baadaye, na wale ambao uvumilivu wao ulipanda walijisikia karibu zaidi na waliokuwa nao. Haikuwa kwa kila mtu, na hilo lenyewe linafaa kukumbukwa kabla ya kumcheka mtu anayesema filamu za kulia hazimfai.

Maana yapo madhara pia. Riwaya ya Goethe kuhusu kijana Werther anayejiua kwa mapenzi ilitoka 1774, na hofu kwamba vijana wanamuiga ilifanya Leipzig iipige marufuku mwaka uliofuata. Mwaka 1974 mwanasosholojia David Phillips alilitumia jina la Werther kuita hali ya visa vya kujiua kuongezeka baada ya habari kubwa za namna hiyo kutangazwa. Mwaka 2019 Netflix iliondoa tukio la kujiua kwenye tamthilia yake ya vijana, miaka miwili baada ya kulirusha. Kinachojadiliwa hapo ni namna ya kuonyesha: urefu wa tukio, undani wa njia iliyotumika, kama kifo kimepambwa kikaonekana kama jibu. Hadithi inaweza kuishia pabaya bila kufanya hata moja kati ya hayo. Na mtu aliye kwenye msiba, au ambaye moyo wake umekuwa mzito kwa majuma, hana deni kwa msanii yeyote. Aulize kwanza inaishaje. Aahirishe. Na kama uzito hauondoki hata baada ya hadithi kusahaulika, basi haukuwa wa hadithi, na anayefaa kuambiwa ni mtu wa karibu au mtaalamu.

Mwisho uko wapi hasa?

Limebaki moja, na mara nyingi ndilo linalotenganisha wanaobishana. Watu wengi wanaoitaja Anna Karenina ya Mrusi Leo Tolstoy kama riwaya ya kukatisha tamaa wanaamini inaishia kwenye reli, chini ya treni. Haiishii hapo. Kuna sehemu ya nane nzima baada ya kifo cha Anna, ambayo Levin, mkulima mwenye mashaka, anahangaika na maswali ya kuishi na kupata namna ya utulivu.

Riwaya ilikuwa ikichapishwa kwa vipande katika jarida la Mikhail Katkov. Mwaka 1877 Katkov aliikataa sehemu ya nane, kwa kuwa hakupenda alivyoandika Tolstoy kuhusu Warusi waliojitolea kwenda kupigana Serbia. Jarida likawaarifu wasomaji kwa maelezo mafupi kwamba kwa kifo cha mhusika wake riwaya kwa kweli imekwisha. Tolstoy akaichapisha sehemu hiyo kwa gharama zake kama kijitabu cha pekee. Kwa hiyo mwaka huo watu wawili waliweza kuisoma riwaya moja kwa uaminifu kamili, mmoja akaachwa relini na mhariri aliyekuwa na ugomvi wa kisiasa, mwingine akafika na Levin hadi shambani usiku, akitazama nyota na kufikiri.